Mchezo Umehamia Nje

Kama kuna mtu Kariobangi nzima aliyestahili kiti cha mbele Jumamosi ile, basi ni Khavere. Wengine walikuja kwa kuwa waliambiwa kuna muziki, wengine kwa kuwa nyumbani hakukuwa na stima, na wengine, kama kawaida yetu, walikuja kwa kuwa waliona watu wanaingia. Khavere alikuja kwa sababu nyimbo za Tangi Tatu alikuwa nazo mwilini tangu akiwa msichana wa sare ya shule pale Ziwani, enzi zile vijana watatu walipokuwa wakiimba chini ya matangi ya maji na wasichana wakijifanya wametumwa kuchota. Kila shibe na kila njaa aliyopitia ilikuwa na wimbo wake. Siku aliyofiwa na mama, redio ya jirani ilikuwa ikipiga "Stima Zimepotea", wimbo wa kuchezea gizani umeme unapokatika, na hadi leo hajaweza kuuchukia.

Mama huyo alimwachia Frankline, kitinda mimba, ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza. Khavere alimlea kwa biashara ya mayai, kwanza akizungusha ndoo mlango kwa mlango, baadaye akiwa na kibanda chake sokoni. Alimfundisha kumwita "siz", yaani dada, badala ya mama, kwa kuwa hakutaka kumnyang'anya marehemu cheo chake. Na sasa Frankline, kijana mrefu mwenye sauti ya juu isiyolingana na ule urefu, ndiye aliyechaguliwa kuigiza Patrobas.

Hapa lazima tuelewane. Tangi Tatu walikuwa watatu, lakini Patrobas ndiye aliyekuwa sauti. Aliuawa Kariokor mchana kweupe. Begi la gitaa lake lilikuwa limechanika, akalibeba gitaa kwenye gunia, mtu mmoja akauliza gunia lile lina nini, yeye akaongeza mwendo, mwingine akapiga kelele ya mwizi, na mambo yakaishia hapo. Waliompiga walipogundua ni nani, walilia mazishini mpaka wengine wakazirai. Tangu siku hiyo kila redio inapompiga, Eastlands nzima, mitaa yetu yote, hutikisa kichwa na kusema walimwengu ni wabaya, utadhani walimwengu ni watu wa mji mwingine.

Mwalimu Wathome, aliyefundisha shule moja ya hapo jirani na kupenda maigizo kuliko chaki, alizichukua nyimbo zote za kundi hilo akazifunga pamoja ziwe hadithi ya jukwaani. Nyingine ziliingia bila taabu, nyingine alizisukuma kwa goti. "Nikimbize", kwa mfano, ni wimbo wa mapenzi: msichana anamchokoza mvulana amfukuze mpaka mlangoni kwao. Wathome aliupunguza mwendo, akauweka pale Patrobas anapofukuzwa na umati. Frankline aliufanyia mazoezi nyumbani akiosha vyombo, na mara ya kwanza Khavere kuusikia hivyo, polepole na bila ngoma, ilibidi aweke trei ya mayai chini.

Lakini kitu ambacho Wathome alijivunia zaidi ya vyote kilikuwa zile mbio. Patrobas angeruka kutoka jukwaani na gunia lake, apite katikati ya watazamaji, atoke kwa mlango mkubwa, waigizaji wanne wakimfuata na rungu za sponji zilizopakwa rangi nyeusi, wakipiga kelele za mwizi. Wangezunguka ukumbi kwa nje kupitia kichochoro cha upande, waliokaa ndani wasikie kelele zikizunguka ukutani, huku wenzake wawili wakiimba "Nikimbize" jukwaani. Mwishowe angeingia kwa mlango wa nyuma, aanguke jukwaani akiwa na damu ya rangi shatini, na aimbe wimbo wake wa mwisho. Walifanya mazoezi hayo kila Jumapili asubuhi, karakana zote za jua kali zikiwa zimefungwa na wenyewe wako kanisani. Hakuna aliyefikiria kwamba Jumamosi si Jumapili. Si kwamba walikuwa wageni. Mtaani kwetu hata mtoto wa chekechea anajua neno lile la mwizi halichezewi. Walikuwa wamelizoea tu, wakasahau kwamba mtaa haujazoea kulisikia ukakaa.

Na mchezo ulikuwa mtamu. Tuliseme hilo kabla ya mabaya, kwa sababu ni kweli. Pazia lilikuwa mashuka yaliyoshonwa pamoja, na taa moja ilikuwa ikilala na kuamka ilivyotaka, lakini ngoma ya kwanza ilipolia, kina mama wa rika la Khavere walisimama wote kama walioitwa majina. Wanaume wenye vitambi walikumbuka mitindo ambayo magoti yao yalikuwa yameshaiacha. Kwenye "Stima Zimepotea" taa zilizimwa kweli, ukumbi ukapiga vigelegele, simu zikawashwa zikapepewa juu, na Khavere akavua viatu akacheza. Batulo, mwenye duka la jumla la mchele na sukari, alikuwa amesema anakuja kumsindikiza rafiki yake tu, atakaa kimya. Huyo Batulo aliimba kiitikio kuwashinda waliopanda jukwaani, huku mwanawe Sharmarke, aliyesimamia mitambo ya sauti pale karibu na mlango, akiinamisha uso kwa aibu.

Frankline alipotokea na suruali pana ya enzi zile na kofia aliyoigeuza nyuma, Khavere alisahau kwamba ndiye aliyemwamsha asubuhi ile na kumpa uji. Alimwona Patrobas. Alicheka, akalia, akacheka tena, na Batulo akampa leso. Ilikuwa saa ya furaha kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na jambo la ajabu ni kwamba alilijua hilo pale pale alipokuwa.

Kisha mwanga ukapungua. Sauti ikauliza gunia lina nini. Patrobas akaongeza mwendo, mtu akapiga kelele, na Frankline akaruka kutoka jukwaani. Alipita karibu kabisa na kiti cha Khavere, akamkonyeza, gunia likigonga mgongo wake, wale wanne nyuma yake. Mlango ukafunguliwa, jua likaingia, wakatoka, mlango ukafungwa. Jukwaani wale wenzake wawili wakaanza taratibu: nikimbize, nikimbize, ukinishika mimi ni wako.

Kelele zilisikika nje, kama ilivyopangwa. Zilizunguka kidogo. Kisha zikaongezeka. Watu waliokaa karibu na ukuta wakatazamana kwa kufurahi, mmoja akasema huyu mwalimu ameajiri watu wengi. Kukasikika vyuma. Kukasikika sauti ya juu ikisema, "Mimi si mwizi, mimi ni mwimbaji," maneno yaliyokuwa kwenye mchezo, na jinsi yalivyosemwa iliwafanya wanawake wawili wa mstari wa nyuma kushika vifua. Ukumbi ukapiga makofi. Halafu ile sauti ikaita, "Siz! Siz!"

Khavere aliisikia waziwazi. Alidhani Frankline ameliongeza mwenyewe, zawadi kwake, mbele ya watu wote. Akainuka kwenye kiti na kupiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. "Ananiita mimi," alimwambia Batulo, na Batulo naye akapiga makofi.

Kiitikio kikaisha. Wale wawili jukwaani wakatazama pembeni, wakakirudia. Khavere hakushtuka, nyimbo hurudiwa. Kilipoanza upya kwa mara nyingine, alijua. Mchezo ule alikuwa ameusikia jikoni kwake mwanzo hadi mwisho, na kiitikio hicho hurudiwa mara moja tu. Wale waimbaji macho yalikuwa yamewatoka. Nyuma ya shuka Wathome alionekana mkono tu, ukizunguka hewani, ukiwaambia endeleeni. Na nje hakuna tena aliyekuwa akisema yeye ni mwimbaji.

Alitoka bila viatu.

Kilichotokea nje kilijulikana vizuri baadaye. Kichochoro cha upande kilikuwa kimezibwa. Jackton, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye karakana yake inatazamana na ukumbi, alikuwa ameegemeza madirisha ya chuma humo, yamepakwa rangi, yanakauka. Frankline alifika, akakuta hakuna njia, akageuka kuelekea barabara ya karakana akitafuta pa kuzungukia. Kifuko cha rangi nyekundu, ile damu ya mchezo, alikuwa ameshakipasua shatini. Kwa hiyo mafundi, waendesha boda na wauza mitumba walichokiona ni hiki: kijana asiyetambulika mbioni, gunia mgongoni, damu kifuani, anakimbia, na watu wanne wenye rungu wanamfukuza wakisema mwizi. Hakuna aliyeuliza swali. Swali huulizwa baadaye, mazishini.

Wa kwanza alimtega mguu. Wa pili alimpiga ubao wa kitanda mgongoni. Wale waigizaji wanne walisimama, wakaanza kusema jamani ni mchezo, na mmoja wao, Caleb, alipigwa kofi lililomkalisha chini, akaambiwa na yeye ni wao. Hapo wote wanne wakanyamaza. Caleb alikimbilia mlango wa nyuma kumwambia Wathome, na Wathome, mtu mzima na elimu yake, aliogopa watazamaji wasije wakakanyagana, akaamuru waimbaji warudie kiitikio. Hilo ndilo lililokuwa wazo lake.

Khavere aliona migongo. Alisukuma, akabana, akauma mkono wa mtu, akaingia. Frankline alikuwa chini kwa ubavu, kajikunja, mikono kichwani. Rangi ya mchezo na damu yenyewe vilikuwa vimechanganyika, lakini iliyotoka mdomoni ilikuwa nzito na ilikuwa na meno. Jiwe lilimwangukia begani likaruka. Mtu alikuwa amesimama juu ya mkono wake wa kushoto kwa buti, amesimama tu, kama anayesubiri basi. Na aliyekuwa akimpiga miguu kwa bomba la chuma, kwa utaratibu, akipumua kama mtu aliye kazini, alikuwa Jackton.

Jackton huyu alimrekebishia Khavere kitasa cha mlango akakataa hata chai. Jackton huyu, kila redio inapompiga Patrobas, hushusha miwani yake ya kuchomelea ili watu wasione macho. Khavere alimshika mkono wenye bomba akamwita jina. Akamwambia ni Frankline, ni Frankline wetu. Jackton hakumtazama. Alimkung'uta kama anavyokung'uta vumbi, akainua bomba tena, na mfupa ukalia sauti ambayo Khavere aliisikia mpaka kwenye meno yake.

Alijitupa juu ya Frankline. Teke lililokuwa linakwenda kwa kijana likampata yeye ubavuni, pumzi ikakata. Watu wawili wakamshika miguu wakamburuta, gauni likapanda, magoti yakachubuka kwenye kokoto. Mwanamke mmoja muuza mitumba alimwinamia, akamwuliza anamtetea kama nani.

"Ni mdogo wangu. Ni mwigizaji, wako mle ndani wanaigiza."

"Wote huwa na dada," yule mwanamke akasema. "Toka hapo, mama, kabla hujaunganishwa naye."

Wakati huo tairi lilikuwa limeshafika. Lilibiringishwa kutoka kwa fundi wa magurudumu, na watu walilipisha njia kwa adabu. Mwendesha boda mmoja alikuwa amepiga magoti kando ya pikipiki yake, amechomoa mpira, anakinga petroli kwenye chupa ya soda, na alikuwa makini isimwagike. Kijana mwingine alitikisa kiberiti sikioni kuhakikisha kina njiti. Khavere alimtazama Frankline. Jicho moja lilikuwa limefumba, lile jingine lilikuwa wazi na lilimwona. Hakuita tena.

Aligeuka akamwacha. Mtu asimwulize mpaka leo ilikuwaje, kumwacha pale na kugeuka; ni kitu anachokiota. Lakini alijua kwamba akibaki watakufa wawili, na kwamba ukumbini mle kulikuwa na watu wengi kuliko hawa. Alikimbia. Mlangoni alisimama, na kwa muda mfupi tu aliokuwa nao, akafikiri kuliko alivyowahi kufikiri maishani. Akiwaambia ukweli, watafanyaje? Aliwajua. Yeye mwenyewe aliwahi kufunga dirisha lake siku kama hizo. Akisema mtu anauawa, wengine watakaa, wengine watatafuta mlango wa nyuma, na wengine watatoka kwenda kutazama, mikono mfukoni, kwa sababu anayemtetea mwizi huwa wa pili.

Nje, juu ya pikapu iliyoegeshwa getini, kulikuwa na spika kubwa zilizotumika wiki nzima kutangaza mchezo. Alimshika Sharmarke kola. "Weka 'Kiatu cha Tairi'. Ile yenyewe, ya Patrobas. Zile spika za nje, mpaka mwisho."

Sharmarke aliuliza kama mwalimu ameruhusu. Batulo, aliyekuwa amemfuata rafiki yake mlangoni na kuona magoti yake, alimwambia mwanawe jambo moja kwa Kisomali, na mkono wa kijana ukaenda kwenye mitambo.

Kisha Khavere akaugeukia ukumbi. Alipangusa uso kwa mkono wa gauni. Akatabasamu. Kati ya yote aliyoyapitia siku ile, teke la ubavuni likiwemo, hilo tabasamu ndilo lililomgharimu zaidi. Akapaza sauti:

"Mchezo umehamia nje! Patrobas anawangoja nje! Tokeni mkiimba, tokeni wote, mcheze mpaka pale alipo!"

Wakatoka. Ngoma ya "Kiatu cha Tairi" ilipiga hewani mpaka mabati ya karakana yakatetemeka, na ukumbi mzima ukamwagika barabarani, simu juu, viuno vikizunguka, kina mama vigelegele, wenye vitambi na wajukuu, wote wakiimba kwa sauti moja: kiatu cha tairi, kinanileta kwako, hata mvua ikinyesha. Khavere alikuwa mbele akiwavuta kwa mikono, akicheza kinyumenyume kwa magoti yanayovuja damu. Nyuma yake Batulo alikuwa akiwasukuma kama mifuko ya mchele.

Uliwahi kuona mtu akijaribu kurusha jiwe katikati ya watu wanaocheza? Haiwezekani. Mkono hauna pa kwenda. Watazamaji waliingia kwenye lile duara kutoka kila upande, wakidhani lile duara nalo ni la kwao, wakawashika mafundi viuno, wakawazungusha. Bibi mmoja alimpokonya mtu ubao wa kitanda akacheza nao kichwani. Mwendesha boda alisukumwa, chupa ikamponyoka, petroli ikamwagikia miguu ya Khavere na kwenye udongo, na harufu ikapanda katikati ya manukato ya kina mama. Khavere alimtafuta kijana wa kiberiti kwa macho. Alikuwa anakitia mfukoni, kwa sababu alihitaji mikono yote miwili kushika simu na kurekodi.

Wimbo ulifika pale sauti ya Patrobas inapopanda peke yake, bila ngoma. Kila mtu wa Eastlands hunyamaza hapo. Hata walevi hunyamaza. Jackton alikuwa bado ameinua bomba. Midomo yake ilianza kwenda. Alikuwa anaimba, machozi yamemjaa kama kawaida yake, na ndipo akaangalia chini, pale gunia lilipopasukia, akaona shingo ya gitaa. Akaangalia uso. Alishusha bomba polepole sana, akaliweka chini kama kitu cha kuvunjika.

Watazamaji walimwona Frankline amelala, mguu umekunjika mahali pasipo na goti, na wakapiga makofi. Walipiga kwa nguvu. Mtu alisema rangi hii ni kama damu kweli. Mwingine alisema huyu kijana atafika mbali. Khavere alipiga magoti katikati ya makofi hayo, akaweka kiganja chini ya shavu la mdogo wake lisiguse udongo, na kwa mara ya kwanza tangu atoke mle ndani akapiga ukelele. Ukelele huo ndio uliowaambia. Makofi yalikufa kuanzia mbele kwenda nyuma, huku spika zikiendelea kuimba, hadi Sharmarke alipokuja kujua na kuzima.

Hakuna aliyekuwa amempiga. Hivyo ndivyo polisi walivyoambiwa walipofika. Barabara ilikuwa imejaa watu wasioona kitu. Frankline alipakiwa kwenye pikapu ile ile ya spika, na Jackton ndiye aliyeinua miguu, ile miguu, akilia kwa sauti na kurudia kwamba wenyewe ndio waliopiga kelele, si mlipiga kelele wenyewe. Khavere alitaka kumng'oa macho kwa vidole vyake, na alihitaji mtu wa kubeba miguu, basi akamwacha abebe.

Hospitalini walimfunga taya kwa nyaya. Mguu mmoja walisema utapona, ule mwingine walisema tutaona. Jicho lililofumba lilinusurika. Wathome alikuja, akakaa ukingoni mwa benchi, akalia, kisha, Mungu amsamehe, akasema kuna watu wanauliza mchezo utaonyeshwa tena lini, kwa kuwa video imeenea na watu wanasema haijawahi kutokea. Khavere alimwambia atoke kabla hajamtoa yeye. Jackton alikuja kila jioni na kusimama kwenye mlango wa wodi, haingii, kofia mkononi. Siku moja Khavere alimpa beseni la maji machafu akamwage, si kwa kumsamehe, bali kwa kuwa lilikuwa limejaa.

Nyimbo hakuziimba. Mgonjwa wa kitanda cha tatu alikuwa na redio, na kila "Tangi Tatu" ilipotangazwa alitazamwa na Khavere kwa namna iliyomfanya abadilishe stesheni.

Siku Frankline alipoanza kuongea, aliongea meno yaliyobaki yakiwa yamefungwa pamoja, maneno yakitoka pembeni mwa mdomo, na ilibidi Khavere ainame. Alidhani anataka maji. Hakutaka maji.

"Siz. Nilikuita. Uliniskia?"

Wodi ilikuwa na kelele za kawaida, sahani na viatu. Khavere alijua anachopaswa kusema. Mtu yeyote angesema hapana: muziki ulikuwa juu, ukuta ni mnene, watu walikuwa wakiimba. Frankline angeamini, alikuwa anatafuta sababu ya kuamini. Alikuwa ameshafungua mdomo kulisema. Lakini lile jicho zima lilikuwa likimtazama kama lilivyomtazama pale chini, na akaona kwamba akimdanganya leo atakuwa amemwacha pale barabarani mara ya pili.

"Nilikusikia," akasema.

"Ukafanya?"

"Nikapiga makofi." Akainama karibu zaidi. "Nilifikiri ni ya mchezo. Nilifikiri umeniwekea mimi. Nikasimama kabisa nikakupigia makofi."

Frankline aligeuza uso ukutani. Khavere hakuugusa mkono wake, kwa kuwa hakujua kama bado ana haki ya kuugusa. Alikuwa ameanza kuokota vyombo vya chakula alipoona mabega ya kijana yakitikisika. Alidhani analia.

"Kumbe niliweza," Frankline akasema, bado anatazama ukuta. "Hadi wewe uliamini."

Alikuwa anacheka. Alikuwa analia pia, lakini kicheko ndicho kilichokuwa kikimtikisa, na kila kilipopanda kilizivuta zile nyaya, akawa anagumia na kucheka na kugumia. Khavere alipanda kitandani kwa yale magoti yake yenye makovu mabichi, akaishika taya ya mdogo wake kwa mikono miwili, akaibana taratibu, ili aendelee kucheka bila kuumia.